Fangasi wanaopenya chini ya ngozi: Songwe na ugonjwa unaochelewa kutambuliwa

MJI wa Tunduma, mkoani Songwe, unatajwa zaidi kwa foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa reli ya TAZARA na kwa pilikapilika za biashara ya mpakani. Nyuma ya mji huo kuna kahawa ya Mbozi, mifugo na mashamba ya bonde la Ziwa Rukwa, na maduara ya dhahabu ya Saza na Mkwajuni. Ni mara chache mkoa huo kutajwa linapozungumzwa suala la magonjwa ya ngozi.

Hata hivyo, shughuli hizo tatu zinazowalisha wakazi wa Songwe, yaani shamba, mgodi na mpaka, ndizo zenye mazingira yanayowapa njia fangasi wa aina isiyo ya kawaida: wale ambao hawaishii juu ya ngozi, bali hupenya hadi kwenye nyama, mishipa na hata mifupa.

Fangasi wanaofahamika na wengi ni wale wa kila siku. Kuna mba wa mgongoni na kifuani, choa lenye umbo la duara, mapunye ya watoto wa shule, na mikwaruzo ya katikati ya vidole vya miguu. Hao huishi katika tabaka la juu la ngozi ambalo tayari limekufa, katika nywele na katika kucha. Huudhi na huaibisha, lakini kwa kawaida hawamlemazi mtu. Takwimu za mzigo wa magonjwa duniani za mwaka 2010 ziliyaweka magonjwa ya ngozi yatokanayo na fangasi katika nafasi ya 4 miongoni mwa maradhi yaliyoenea zaidi duniani.

Fangasi wa ndani ni jambo jingine. Wengi wao hukaa katika udongo, miiba, magogo yanayooza na kinyesi cha popo au ndege. Huingia mwilini kwa mchomo mdogo ambao mwenyewe husahau baada ya wiki moja, au kwa hewa anayovuta. Kisha hukaa. Miezi hupita, wakati mwingine miaka, ndipo kinapotokea kinundu, kidonda kisichopona au uvimbe usiouma. Kutouma huko ndiko kunakomponza mgonjwa, kwa sababu mtu asiyesikia maumivu haoni sababu ya kuacha shamba na kwenda hospitali.

Kinachowekwa hatarini si urembo wa ngozi peke yake. Ni mguu wa mkulima, ni nywele za mtoto zisizoota tena, ni fedha za familia zinazokwisha kwa waganga na kwa dawa zisizo zake. Aidha, ni heshima ya mtu ambaye majirani humnong'ona kuwa amerogwa au ana ukoma.

Dunia ilichelewa

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya. Mwaka huohuo, Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuuingiza ugonjwa wa maisetoma katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaongeza katika orodha hiyo kromoblastomikosi pamoja na fangasi wengine wa ndani. Kwa maneno mengine, magonjwa ambayo madaktari waliyafahamu kwa zaidi ya miaka 100 yalipewa nafasi rasmi katika mipango ya dunia juzi tu.

Hatua nyingine zilifuata. Ramani ya njia ya WHO ya miaka ya 2021 hadi 2030 iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, nchi 15 ziwe zimeyaingiza magonjwa haya katika mipango ya kitaifa ya udhibiti na ufuatiliaji. Juni 2022 shirika hilo lilitoa mwongozo wa kuyashughulikia kwa pamoja magonjwa ya ngozi yaliyosahauliwa. Oktoba 2022 likatangaza kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wanaohitaji kupewa kipaumbele katika utafiti, wakiwamo wale wanaosababisha maisetoma. Na Mei 2025, Baraza la Afya Duniani mjini Geneva lilipitisha azimio linaloyatambua magonjwa ya ngozi kuwa suala la kipaumbele kwa afya ya umma.

Maazimio ni mwanzo mwema. Lakini azimio la Geneva halina maana kwa mkulima wa Ileje au mchimbaji wa Saza mpaka pale mhudumu wa zahanati ya kijijini atakapokitazama kidonda cha mguu na kujiuliza: je, huyu si mgonjwa wa fangasi?

Mwiba na timba

Njia ya kwanza ya fangasi hawa ni jeraha. Kromoblastomikosi, ugonjwa ulioonekana kwa mara ya kwanza nchini Brazil mwaka 1911, huwapata zaidi wakulima wanaolima pekupeku. Mwiba au kijiti huwachoma mguuni, na fangasi waliokuwa juu yake hubaki ndani. Baada ya muda hutokea kinundu, kisha vinundu vingi, na hatimaye mguu huota manyama yenye sura ya koliflawa. Kisiwa cha Madagaska, ng'ambo ya bahari kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ni moja ya sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi wanaojulikana duniani. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka saratani ya ngozi.

Maisetoma nayo huanza kwa mchomo, mara nyingi wa unyayo. Mguu huvimba bila maumivu, hutoboka vishimo, na kupitia vishimo hivyo hutoka usaha wenye chembechembe ndogo nyeusi, nyeupe au nyekundu. Si maisetoma zote zinazotokana na fangasi. Nyingine husababishwa na bakteria, na dawa zake ni tofauti kabisa. Ugonjwa unaweza kuingia mfupani, na hapo mgonjwa huishia kukatwa mguu. WHO inautaja ukanda wake mkuu kuwa kati ya nyuzi 15 kusini na nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta. Songwe, iliyo karibu na nyuzi 9 kusini, imo ndani ya ukanda huo.

Kwa upande wa migodi, historia ya Afrika Kusini inatoa somo lisilopaswa kupuuzwa. Mapema katika miaka ya 1940, wachimbaji karibu 3,000 wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand waliugua sporotrikosi. Ugonjwa huo huanza kwa kidonda kidogo mkononi au mguuni, kisha vinundu hupanda kwa mstari mmoja kufuata mishipa ya limfu, kama shanga zilizotungwa katika uzi. Uchunguzi ulibaini kwamba fangasi walikuwa wameota juu ya magogo yaliyokuwa yakiegemeza kuta za mashimo. Wachimbaji walikuwa wakijikwaruza kwenye magogo hayo katika joto na unyevu wa chini ya ardhi. Magogo yalipopakwa dawa ya kuua fangasi, na wagonjwa walipopewa dawa ya potasiamu aidaidi, mlipuko ulikoma.

Wilaya ya Songwe ina mgodi mkubwa wa New Luika, ulioanza uzalishaji mwaka 2012, lakini pia ina wachimbaji wadogo wanaoshuka katika maduara yanayoshikiliwa na matimba, yaani magogo ya miti ya porini. Joto lipo, unyevu upo, mikwaruzo ipo. Mijadala kuhusu afya ya wachimbaji wadogo nchini imejikita, na kwa haki, katika kuporomoka kwa maduara, zebaki na vumbi linaloharibu mapafu. Somo la Witwatersrand ni kwamba hata gogo linalomlinda mchimbaji asifukiwe linaweza kumpa ugonjwa, na kwamba tiba ya gogo hilo ni nafuu kuliko tiba ya watu.

Uganda nayo ina mfano wake. Mwaka 1964, Denis Burkitt, daktari yuleyule ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya ya watoto wa Afrika, alichapisha pamoja na wenzake taarifa ya wagonjwa 31 walioonekana nchini humo wakiwa na uvimbe mgumu chini ya ngozi uliosababishwa na fangasi. Ugonjwa huo huwapata zaidi watoto, katika makalio na mapaja, na huweza kudhaniwa kuwa saratani. Mtoto aliyestahili kupewa dawa ya kunywa anaweza kufikishwa kwenye kisu cha upasuaji mkubwa bila sababu.

Kichwa cha mtoto si jipu

Mapunye ni jambo la kawaida mno katika shule za msingi kiasi kwamba wazazi wengi huyaona kama hatua ya kukua. Wengi wa watoto hupata mabaka yenye magamba na nywele zinazokatika, na hali hiyo hupona kwa dawa. Lakini kwa baadhi yao mwili hupambana na fangasi kwa nguvu kubwa kupita kiasi. Kichwa huvimba kwa bonge laini lenye usaha, nywele hung'oka kwa urahisi, tezi za shingo huvimba na mtoto hupata homa. Hali hii hutokea hasa pale fangasi wanapotoka kwa wanyama, wakiwamo ndama, mbwa na paka. Katika mkoa wenye mifugo mingi kama Songwe, watoto ndio wachungaji.

Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika. Bonge hilo linafanana na jipu, na jipu hutibiwa kwa kupasuliwa. Mtoto hupasuliwa kichwa, hupewa dawa ya bakteria, na fangasi hubaki palepale katika mashina ya nywele. Matokeo ni kovu na upara wa kudumu. Tiba sahihi ni dawa ya kunywa, kama griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa. Griseofulvini, dawa iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1958, hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kuwa haifiki kwenye shina la unywele.

Ni sahihi kusema kwamba vinyozi wana sehemu yao katika suala hili. Mashine ya kunyolea inayotoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kusafishwa hubeba vipande vya nywele vyenye fangasi. Lakini si haki kumbebesha kinyozi lawama zote wakati mtoto mwenye mapunye anakaa dawati moja na wenzake, analala mkeka mmoja na nduguze, na hana mahali pa kupimwa.

Krimu za mpakani

Njia ya pili ina uhusiano wa moja kwa moja na Tunduma kama mji wa mpakani. Kwa miaka mingi maofisa wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na baadaye wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wamekuwa wakikamata mipakani vipodozi vilivyopigwa marufuku. Miongoni mwa viambata vilivyokatazwa katika vipodozi nchini ni zebaki, haidrokwinoni na steroidi.

Mjadala wa umma kuhusu krimu hizo umejikita katika kujichubua: weusi unaopotea, ngozi inayokuwa nyembamba, figo zinazodhuriwa na zebaki. Kinachozungumzwa kwa nadra ni kile ambacho steroidi humfanyia mtu mwenye fangasi. Steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni, hutuliza uvimbe na muwasho. Mtu mwenye choa akizipaka hupata nafuu ndani ya siku chache na kuamini kwamba amepona. Ukweli ni kinyume. Dawa imewalaza walinzi wa mwili, na fangasi wanaendelea kuenea bila kizuizi.

Choa lililopakwa steroidi hupoteza umbo lake la duara kiasi kwamba hata daktari anaweza asilitambue. Madaktari wawili wa Uingereza waliipa hali hiyo jina lake katika kumbukumbu za tiba mwaka 1968. Kama matumizi yakiendelea, fangasi wale wale waliokuwa juu ya ngozi hushuka kupitia vinyweleo hadi kwenye nyama na kuunda vinundu vigumu, hali iliyoelezwa na daktari wa Italia, Domenico Majocchi, mwaka 1883. Kwa hiyo fangasi wa kawaida, ambaye angetibiwa kwa dawa ya kupaka, hugeuzwa fangasi wa ndani anayehitaji dawa ya kunywa kwa muda mrefu. Utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Dakar, Senegal, na kuchapishwa mwaka 2003 uliyaweka maambukizi ya fangasi miongoni mwa maradhi ya ngozi ya watumiaji wa krimu za kujichubua.

India imeonyesha hatari hiyo inaweza kufika wapi. Krimu zinazochanganya steroidi, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi katika bomba moja ziliuzwa huko kiholela kwa miaka mingi. Wataalamu wa ngozi wa nchi hiyo wanazihusisha na wimbi la choa sugu lililoenea katika miaka ya 2010, ambalo mara nyingi halisikii terbinafini. Fangasi anayehusika alipewa jina lake la kisayansi mwaka 2020, na Mei 2023 Marekani iliripoti wagonjwa wake wa kwanza wawili mjini New York. Fangasi huyo amesafiri na abiria wa ndege. Itakuwa ajabu kudhani kwamba barabara kuu inayounganisha bandari ya Dar es Salaam na nchi za kusini na katikati ya Afrika haiwezi kupitisha abiria wa namna hiyo.

Kisheria, jambo hili lina ufa. Mwaka 2019 TFDA ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamishiwa TBS. Krimu yenye klobetasoli ni dawa kwa tabia yake, lakini inauzwa kama kipodozi katika duka la urembo, sokoni na hata mkononi mwa mchuuzi. Kila taasisi ina wajibu wake, lakini bidhaa yenyewe inakaa katikati. Bila ukaguzi wa pamoja, ni rahisi kila upande kuamini kwamba mwenzake ndiye anayetazama.

Kinga ya mwili inaposhuka

Njia ya tatu ni ya hewa. Mwaka 1960 watafiti walichapisha taarifa kwamba wamemkuta fangasi wa histoplasmosi katika mapango ya Amboni, Tanga. Fangasi huyo hustawi katika kinyesi cha popo. Mtu anayechimba au kukanyaga kinyesi hicho huvuta vumbi lake, na wengi hupona bila kujua. Bonde la mto Songwe, kwenye mpaka wa mkoa huo na Mbeya, nalo lina mapango yanayojulikana kwa popo wake.

Afrika pia ina aina yake ya histoplasmosi, ambayo fangasi wake alipewa jina mwaka 1952 kutokana na mgonjwa wa Kongo. Aina hiyo hupenda ngozi, tezi na mifupa, na mfupa wa fuvu ni mmojawapo. Uvimbe wa kichwani usio na joto, unaotoboka na kutoa usaha, unaweza kabisa kudhaniwa kuwa kifua kikuu cha mfupa. Mgonjwa huanzishiwa dawa za kifua kikuu, miezi sita hupita, na uvimbe uko palepale.

Hatari huongezeka kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya Ukimwi wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya virusi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea kuwa asilimia 4.4, na Nyanda za Juu Kusini zimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa maeneo yenye kiwango cha juu. Kwa mtu mwenye virusi ambaye hajaanza dawa au ameziacha, vipele vilivyotapakaa mwilini vinaweza kuwa ishara ya fangasi aliyekwisha kuingia katika damu. Mwaka 2013 madaktari wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa wa aina hiyo uliokuwa haujafahamika, ambao sasa unaitwa emagomikosi. Mwaka 2019 mgonjwa mwenye maambukizi ya jamii hiyo ya fangasi aliripotiwa Uganda. Mara nyingi vipele hivyo huchukuliwa kuwa mzio wa dawa, tetekuwanga au kifua kikuu. Tofauti na fangasi wa mwiba, huyu anaweza kuua.

Nani anamtazama mgonjwa?

Tatizo la msingi, basi, si ukosefu wa elimu ya kisayansi. Sayansi ipo. Tatizo ni umbali kati ya mgonjwa na mtu anayeweza kumtambua.

Tanzania ina bahati ambayo nchi nyingi za Afrika hazina. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimefundisha maofisa tabibu na madaktari bingwa wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za bara hili. Wazo lake la awali lilikuwa la busara: kwa kuwa madaktari bingwa hawatoshi, wafundishwe maofisa tabibu wanaokaa karibu na wananchi. Lakini kutoka Tunduma hadi Moshi ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iko umbali wa kama kilomita 100, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Mbozi. Kwa mkazi wa Kamsamba, bondeni mwa Rukwa, hata hizo ni safari za nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Ndiyo maana kituo cha kwanza cha wengi ni duka la dawa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, umesaidia sana kufikisha dawa vijijini na katika miji midogo. Muuzaji aliyefundishwa, anayejua kukataa kuuza krimu ya steroidi kwa mtu mwenye choa na kumwelekeza zahanati, ni kinga kubwa kuliko kituo cha ukaguzi barabarani. Muuzaji asiyejua ni sehemu ya ugonjwa.

Kipimo cha kwanza cha fangasi nacho si cha gharama kubwa. Mhudumu hukwangua magamba ya ngozi au huchukua nywele chache, huweka tone la potasiamu haidroksaidi juu ya kioo, husubiri dakika chache na kutazama kwa hadubini. Hadubini zipo katika vituo vingi kwa ajili ya malaria na kifua kikuu. Kwa kipimo hichohicho, mtaalamu anaweza kuona chembe za kahawia za kromoblastomikosi. Kinachohitajika ni mafunzo, chupa ya dawa hiyo na mazoea ya kushuku. Kwa vinundu vya ndani zaidi, hukatwa kipande kidogo cha nyama na kupelekwa maabara ya hospitali ya rufaa. Hapo ndipo mfumo wa kusafirisha sampuli, ambao tayari unatumika kwa kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, unapoweza kumwokolea mgonjwa nauli.

Suala la dawa ni gumu zaidi. Itrakonazoli, ambayo ni tegemeo kwa wengi wa fangasi wa ndani, iliingizwa katika orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2017. Lakini matibabu ya kromoblastomikosi huchukua miezi 6 hadi 12 na zaidi, na ya maisetoma hupita hapo. Mkulima anayelipa mfukoni hununua vidonge vya mwezi mmoja, huona nafuu, huacha, na ugonjwa hurudi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, itapimwa na wagonjwa wa aina hii: je, kitita kitamlipia mtu dawa ya mwaka mzima kwa ajili ya mguu, wakati mguu huo haumuui leo?

Kingatiba si jibu

Kuna hoja kwamba Tanzania tayari ina mpango wa magonjwa yaliyosahauliwa. Ni kweli, na umefanya kazi kubwa. Wananchi wamemezeshwa dawa kwa mamilioni dhidi ya matende na mabusha, usubi, trakoma, kichocho na minyoo. Lakini mafanikio hayo yamejengwa juu ya kingatiba, yaani kila mtu katika eneo hupewa dawa awe mgonjwa au la. Fangasi wa ndani hawashughulikiwi hivyo. Kila mgonjwa lazima atafutwe, apimwe, atibiwe kwa muda mrefu na afuatiliwe. Aidha, mipango hiyo imetegemea sana wafadhili, na hatua ya Marekani ya kusimamisha misaada ya nje kuanzia Januari 2025 imeonyesha jinsi nguzo hiyo inavyoweza kuondolewa ghafla.

Sudan inatoa onyo la aina nyingine. Kituo cha Utafiti wa Maisetoma cha Khartoum, kilichoanzishwa mwaka 1991, kilikuwa tegemeo la dunia kwa ugonjwa huo, na hapo ndipo lilipofanyika jaribio la dawa mpya iliyoonekana kufaa kwa kunywewa mara moja kwa wiki. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimekiharibu. Elimu iliyokusanywa mahali pamoja kwa zaidi ya miaka 30 iliyumba kwa kuwa haikuwa imesambazwa vya kutosha kwingine.

Kwa hiyo njia iliyo mbele ya Songwe si kusubiri mradi mkubwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unashauri magonjwa ya ngozi yatafutwe kwa pamoja: mhudumu anayekwenda kijijini kutafuta ukoma atazame pia vinundu, vidonda sugu, miguu iliyovimba na vichwa vya watoto. Mkoa unaweza kuanza na kitabu kimoja cha kumbukumbu za wagonjwa wa ngozi wenye vidonda vilivyozidi wiki nne. Ugonjwa usiohesabiwa haupangiwi bajeti, na usiopangiwa bajeti haupatiwi dawa.

Mengine yamo ndani ya uwezo wa wananchi wenyewe. Viatu vya shambani ni kinga. Mwiba uliochoma ung'olewe na jeraha lioshwe kwa maji na sabuni. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kipelekwe kituo cha afya hata kama hakiumi. Bonge la usaha juu ya kichwa cha mtoto lipimwe fangasi kabla ya kupasuliwa. Na krimu inayoondoa muwasho kwa siku mbili isiaminiwe kuwa imeondoa ugonjwa.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kilijengwa ili kupunguza muda wa mizigo kuvuka. Serikali zilitambua kwamba kila siku ambayo lori hukaa foleni ina gharama yake, na gharama hiyo ikahesabiwa. Mkulima mwenye kinundu mguuni naye yuko katika foleni, kutoka duka la dawa hadi kwa mganga, kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya. Gharama ya siku zake haijahesabiwa, ingawa mwisho wa foleni hiyo unaweza kuwa kukatwa mguu ambao ungeponywa kwa vidonge.